Kulinda Ubora wa Mali Ikiwa Njiani: Tuliyoyaona Mapinga

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza, kwa barua na kwa mdomo, ilikuwaje magunia ya msimu uliopita yakanuka mafuta ya taa. Wengine hawakutuuliza sisi. Waliulizana barazani, na maneno ya barazani hufika ofisini upesi kuliko barua. Ilisemwa kwamba kamati ilinunua magunia mabovu kwa bei ndogo, na kilichobaki kikaingia mifukoni. Leo twapenda kueleza mambo yalivyokuwa. Kisha tutaeleza jambo lililo kubwa kuliko magunia, nalo ni jinsi kampuni za uchukuzi zijuazo kazi zao zinavyolinda ubora wa mali ya watu inapokuwa safarini. Maana huko njiani ndiko tulikopatia hasara.

Magunia yale yalikuwa mapya, ya juti, yamefungwa marobota. Yalinunuliwa Dar es Salaam. Yakapakiwa lori, yakashushwa, yakalala siku kadhaa katika ghala lisilokuwa letu, yakapakiwa tena, yakavuka bahari, yakashushwa gatini, yakapanda gari nyingine mpaka ghala la Chama. Tukiihesabu mikono iliyoyapokea twapata sita. Mahali fulani kati ya mkono wa kwanza na wa sita marobota yaliwekwa juu ya sakafu iliyomwagikiwa mafuta ya taa. Ni mahali gani? Haiwezekani tena kupajua, kwa sababu kila aliyepokea alitia saini kwamba amepokea mzigo katika hali njema, akampa wa mbele yake, na wa mbele yake akatia saini vile vile.

Na sisi tulikuwa wa mwisho. Karani wa gari alitujia na karatasi jioni, mvua ikinyesha, mahamali wakitaka kwenda zao. Tukahesabu marobota, tukaona idadi imetimia, tukaandika jina chini ya maneno yale yale, hali njema. Hatukufungua hata robota moja. Tulipoyafungua baada ya wiki mbili ili kuwagawia wanachama, harufu ikatupiga usoni. Tukaenda kwa mchukuzi kudai. Hakubishana nasi wala hakupandisha sauti. Alitoa karatasi akatuonyesha saini yetu. Tulirudi kimya.

Wapo wanaosema kwamba harufu ile ilitoka kiwandani. Dhana hiyo ina asili yake. Nyuzi za juti hulainishwa kwa mafuta kabla ya kusokotwa, na zamani yalikuwa mafuta ya madini. Ndiyo sababu Shirika la Kimataifa la Juti lilitoa kiwango mwaka 1998 kwa magunia ya kuchukulia vyakula kama kahawa na kakao, kwamba yalainishwe kwa mafuta ya mimea. Lakini tulipoyapasua marobota yetu tuliona kwamba magunia ya katikati hayanuki kitu. Yaliyonuka ni ya upande mmoja tu, upande uliolalia chini. Basi ubaya uliingia kutoka nje, na uliingia baada ya marobota kufungwa.

Yaliyofuata mnayajua. Watu hudhani kwamba karafuu, kwa vile ina harufu kali, haishiki harufu nyingine. Kumbe karafuu ni kitu cha mafuta, na mafuta huivuta harufu ya kilicho jirani kama nguo ivutavyo udi. Wanachama waliotia karafuu zao katika magunia yale waliona zimeshushwa daraja kituoni, na kwa mtu mwenye mikarafuu michache, tofauti ya daraja la kwanza na la pili ndiyo sare za watoto na madaftari yao. Kamati imekata shauri kwamba hasara hiyo italipwa na mfuko wa Chama. Waliodai kwamba kila mtu abebe yake hawakukubaliwa, kwa kuwa saini ilikuwa ya ofisi.

Baada ya hapo kamati ikatutuma Bara, pamoja na wazee wawili wa kamati, tukaangalie watu wenye kazi hii wanaifanyaje. Tulipelekwa Mapinga. Kwa asiyepajua, Mapinga ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, katika barabara itokayo Dar es Salaam, ukishaipita Bunju na kabla hujafika Kerege. Mji wa Dar es Salaam unapanda kuifuata barabara hiyo, na palipokuwa na mikorosho na minazi pamejengwa nyumba, maghala na nyua za malori. Wengine walinunua viwanja huko wakiitazamia bandari kubwa ya Mbegani, ambayo mkataba wake na kampuni ya China Merchants ulitiwa saini mwaka 2013, Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi mwaka 2015, na mwaka 2019 Rais Magufuli akasema masharti yake hayakubaliki. Mwenye ua tuliouzuru hakungoja bandari. Huchukua mananasi ya Kiwangwa, saruji, mabati, chumvi na chochote kingine kipatikanacho katika njia ile. Ametuomba tusimtaje, asije akaonekana anajitangaza.

Tulifika asubuhi. Mnyapara wa ua, mtu wa makamo, alitupokea kwa adabu: "Shikamooni, wazee wangu." Wazee wakaitikia marahaba, tukapewa viti chini ya mwembe. Mbele yetu kulikuwa na lori tupu lililofunikwa bodi juu na pande zote. Kijana mmoja akaingia ndani yake, akawaambia wenziwe wamfungie milango. Tukaona ajabu. Alipofunguliwa, mzee wetu mmoja akamwuliza, "Mwanangu, ulikuwa unatafuta nini humo gizani?"

"Natafuta jua, babu," akasema. "Pakipita jua, na mvua itapita."

Hilo ni jambo dogo, halina gharama hata ya senti, na wapakiaji wa makontena duniani kote hulifanya. Unasimama ndani, milango inafungwa, unangoja macho yazoee kiza. Tundu la msumari ambalo hungeliona kwa nje litakuonyesha uzi wa mwanga. Kisha kijana yule alipiga magoti akanusa sakafu, kama mtu anavyonusa maziwa kabla ya kuyatia katika chai. Kisha dereva akatakiwa alete daftari la gari, na humo mnyapara akasoma mizigo mitatu ya mwisho iliyobebwa na lori lile.

Kwa nini mitatu? Tulidhani mmoja watosha. Mnyapara akatueleza kwamba gari ikibeba samaki wakavu leo, na kesho ikabeba mabati, mabati hayatoi harufu wala hayaifuti. Mtu akiuliza habari za mzigo wa mwisho ataambiwa mabati, akaridhika, akatia unga wake, na unga ukanuka samaki. Siku ile ile lori moja lilikataliwa mbele ya macho yetu, kwa kuwa mzigo wa pili kurudi nyuma ulikuwa mbolea, na hapakuandikwa kwamba lilioshwa. Mwenye mananasi alikuwa amesimama pale, jua limepanda, akalalamika sana kwamba anacheleweshwa. Mnyapara alimletea maji ya kunywa na kiti, lakini lori hakulitoa mpaka lilipokwisha kuoshwa na kukauka. Twakiri kwamba sisi tungalimkubalia yule bwana. Alikuwa mkali na maneno yake yalikuwa ya kweli.

Mananasi ndiyo yaliyotufunza zaidi. Nanasi lililobonyea wakati wa kupakiwa halionyeshi kitu siku hiyo. Ngozi yake ngumu, rangi yake nzuri. Baada ya siku mbili au tatu ndipo linapoanza kutoa maji upande mmoja, na wakati huo liko sokoni, katika mikono ya mtu asiyelitupa wala kulikanyaga. Muuzaji wa soko atamlaumu dereva, dereva atamlaumu mpakiaji, mpakiaji atamlaumu mkulima, na mkulima hayupo. Kwa hiyo, pale uani, mzigo hautoki mkono mmoja kuingia mwingine bila ya wawili hao kuutazama pamoja, wakati mmoja, wakaandika walichokiona. Wakiona matatu yamebonyea huandika matatu. Anayepokea haandiki "hali njema" kwa kuwa ndiyo maneno yaliyopigwa chapa; huandika hali aliyoiona.

Hapo tulitazamana na wazee. Wala hatukuwa na la kusema.

Kazi hii yote, wenyewe huiita usimamizi wa ubora. Jina ni kubwa, na linawatisha watu, lakini maana yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kukagua ni kuitazama mali mwisho wa safari na kutenga nzima na mbovu. Kusimamia ubora ni kuipanga safari yenyewe hata mali isipate nafasi ya kuharibika, na ikiharibika ijulikane papo hapo iliharibikia wapi. Mkaguzi wa mwisho, hata awe hodari vipi, hawezi kulirudisha nanasi lililobonyea. Aweza tu kulitupa.

Jambo jingine alilotueleza mnyapara twaliona ndilo gumu kuliko yote. Zamani dereva aliyeleta mzigo uliolowa alikatwa mshahara. Sheria ikaonekana nzuri, kwani katika daftari hapakuwa na mzigo uliolowa hata mmoja. Lakini wateja waliendelea kulalamika. Madereva walikuwa wakifika usiku, wakikausha maturubali, wakigeuza maboksi yaliyolowa yatazame ndani, na kunyamaza. Mwenye ua akaibadili sheria: anayesema mwenyewe hakatwi kitu, anayeficha ndiye anayekatwa. Kwa muda mfupi daftari likajaa. "Tulitishika," alisema mnyapara, "tukadhani kazi imeharibika, kumbe ndiyo kwanza tunaiona." Walipoyahesabu makosa hayo waliona kwamba mengi ya kulowa hayakutokea barabarani. Yalitokea pale pale uani, penye mahali pa kushushia pasipokuwa na paa, mvua za masika zikiikuta mizigo chini. Wakaezeka mabati. Miaka yote ile walikuwa wakiwakata madereva mshahara kwa kosa la paa.

Mambo haya hayakuanzia Mapinga. Mwaka 1950 Mmarekani mmoja, W. Edwards Deming, mtaalamu wa takwimu, alialikwa Japani kuwafundisha wenye viwanda namna ya kutumia hesabu katika kutazama kazi zao. Nchi ile ilikuwa imetoka vitani, na bidhaa zake zilidharauliwa. Wajapani walimsikiliza, na mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Katika mafundisho yake alishikilia kwamba makosa mengi hutoka katika mpango wa kazi, ambao ni wajibu wa wakubwa, na kwamba mahali pa kazi pakiwa na hofu ukweli hauwezi kufika mezani. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kwa mara ya kwanza kiwango kiitwacho ISO 9001, kikafanyiwa marekebisho mara kadhaa, na toleo la mwaka 2015 limeenea sana katika kampuni za uchukuzi. Kiwango hicho hakisemi nanasi liwe tamu kiasi gani. Chataka kampuni ijue mteja anataka nini, iandike kazi inavyofanywa, ifanye ilivyoandika, iweke kumbukumbu, na kosa likitokea itafute chanzo chake badala ya kutafuta mtu wa kumlaumu.

Hapa twapenda kusema neno letu wenyewe. Cheti cha namna hii chaweza kuwa kitu kizuri, na chaweza kuwa picha ya kutundika. Tuliwahi kuingia katika ofisi moja, hatutaitaja, cheti kimetiwa kioo ukutani, na chini yake mabunda ya karatasi yamelowa kwa sababu dirisha halifungi. Ua wa Mapinga hauna cheti. Una daftari, mzani unaojaribiwa kila asubuhi kwa jiwe la uzani unaojulikana, na mnyapara asiyeogopa kumchelewesha mteja.

Tulipomaliza, mzee wetu mmoja hakuwa ameridhika. Alisema mambo ya kuandikaandika ni ya Wazungu, na wazee wetu walisafirisha mali karne na karne kwa amana tu. Kwa kuwa Bagamoyo haikuwa mbali tukaona twende, tukatazame pwani yenyewe walikofanyia kazi hiyo hao wazee.

Tulikaa karibu na forodha ya zamani. Mji ule, kabla ya reli, ulikuwa mwanzo na mwisho wa njia ya misafara ya bara, na mtu aliyekuwa akiendesha shughuli za misafara kwa ukubwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ni Sewa Haji Paroo, ambaye alifariki mwaka 1897. Yeye alitafuta wapagazi, alinunua nguo, shanga na waya, alifunga mizigo na kuikabidhi. Leo angeitwa mwenye kampuni ya uchukuzi. Na mizigo ile haikufungwa ovyo. Frasila moja ni ratili 35, na mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu ya frasila mbili, yaani kama kilo 32. Robota la nguo lililofungwa kwa uzani huo ndilo lililoitwa mtumba, neno ambalo sisi leo twalitumia kwa nguo kuukuu. Ukizidisha uzani, mpagazi ataanguka au atautupa. Ukipunguza, unalipa mtu bure. Mzungu Stanley alipokuja mwaka 1871 alikaa Bagamoyo kuanzia Februari hata Machi akipanga mizigo tu, kisha akaiondosha kwa misafara mitano mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mkubwa wake, ili wakipatwa na jambo wasipatwe wote. Msafara ukitua, mizigo huwekwa pamoja na kulindwa. Kulikuwa na kirangozi wa kuongoza njia na mnyapara wa kuwatazama watu. Jina hilo la mnyapara tulilikuta asubuhi ile ile Mapinga.

Tukamwambia mzee wetu: amana haikuwa maneno matupu, ilikuwa na mzani, idadi, na mtu wa kuulizwa. Na kuhusu kuandika, sote tumesoma chuoni, na twajua kwamba aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani ni ile ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Akacheka, akasema, "Hilo umenikamata nalo, Katibu."

Bagamoyo ina funzo jingine, nalo ni la kuhuzunisha kwa watu wa pale. Maji yake ni machache. Meli kubwa hutia nanga mbali, na mali hushushwa kwa mashua kisha hubebwa mabegani kupita majini. Wajerumani walioufanya mji ule makao yao makuu ya kwanza walihamia Dar es Salaam mwaka 1891, kwenye bandari yenye kina. Kila mara mali inaposhikwa mkono ndipo inapovunjika, inapolowa na inapoibiwa; bandari yenye mikono michache humshinda mwenye mikono mingi. Ndiyo hekima ya kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makasha 58 ya chuma katika meli iitwayo Ideal X, kutoka Newark mpaka Houston, na tangu siku hiyo kazi ya bandari duniani ikaanza kubadilika. Kasha hufungwa mara moja na kufunguliwa mara moja.

Lakini kasha lina hatari yake, na hapa twarudi kwetu kwenye karafuu. Kosa likifungiwa ndani, hapana wa kuliona njiani. Litasafiri mpaka Singapore au Mumbai na karafuu zetu.

Kosa kubwa linaloweza kufungiwa ndani ni maji. Kiwango cha kimataifa cha karafuu nzima chataka maji yasizidi sehemu 12 kwa mia. Gunia la kilo 50 lililokauka kiasi hicho bado lina kilo 6 za maji ndani yake, nazo hazidhuru. Sasa tuseme kontena lina tani 10, na karafuu hazikukauka vizuri, zina 14 kwa mia. Tofauti ya mbili yaonekana kama si kitu. Kwa hesabu ni kilo 200 za maji ya ziada, yaani pipa zima la mafuta lililojaa maji, limefungiwa pamoja na karafuu zenu katika kasha la chuma. Mchana jua hulichoma kasha, maji hutoka katika karafuu yakawa mvuke. Usiku, au meli ifikapo bahari ya baridi, bati la juu hupoa, mvuke hugeuka matone juu yake, na matone huanguka. Ni mvua inyeshayo ndani ya kasha lisilo na tundu. Magunia ya juu huota ukungu, na mnunuzi afunguapo huona ya juu kwanza.

Mwaka 2014 mashirika matatu ya kimataifa, la bahari (IMO), la kazi (ILO) na tume ya uchumi ya Ulaya ya Umoja wa Mataifa (UNECE), yalitoa mwongozo mmoja wa kupakia makasha, na jambo hili la unyevu limo. Wapakiaji hutandika karatasi nene, hutundika mifuko ya chumvi maalumu inyonyayo mvuke, hutumia mbao za kuinulia zilizokauka kwa sababu ubao mbichi nao ni maji. Hizo zote ni dawa za kusaidia. Hazikaushi karafuu mbichi.

Basi mtaona kwamba kampuni ya uchukuzi, hata iwe bora kama nini, inapokea kile tulichoitia sisi. Karafuu zetu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), lililoundwa mwaka 1968, na wao ndio wapelekao nje. Lakini kutoka mtini hata kituo cha kununulia, wachukuzi ni sisi wenyewe. Ni sisi tuangushao karafuu kwa ngowe, tuchambuao makonyo, tuanikao, tutiao gunia, tuitiao gari. Mwanachama aliyeziacha karafuu mbichi zimelundikana usiku kucha kwa sababu wachambuaji walichoka, amezichachisha. Zitakauka zimesinyaa na kupauka, na hakuna lori duniani liwezalo kuzirejesha rangi. Mwanachama aanikaye juu ya lami, kwa kuwa lami ni ya moto na yakausha upesi, anazipaka mafuta ya magari na masizi ya moshi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha sumu za masizi katika viungo vikavu, nazo hupimwa kwa mashine, hazipimwi kwa macho. Jamvi ni polepole kidogo tu kuliko lami.

Kamati imekutana mara mbili juu ya mambo haya. Yaliyokubaliwa ni haya. Ofisi haitatia saini mzigo wowote wa Chama kabla ya kufungua robota moja katika kila kumi, na robota la kufunguliwa atalichagua mwanachama atakayekuwapo, asilichague mchukuzi wala katibu. Mvua ikinyesha na watu wakitaka kwenda zao, saini itangoja. Mchukuzi akikataa kungoja, tutaandika juu ya karatasi yake na ya kwetu kwamba mzigo haukufunguliwa, na maneno hayo machache yangalituokoa msimu uliopita. Gari yoyote itakayochukua karafuu za wanachama itaulizwa mizigo mitatu iliyotangulia. Haya hayana gharama, na hayana sababu ya kungoja.

Gharama iko katika vichanja vya mbao vya kuinulia magunia ghalani, yasiguse sakafu, na kuyaacha mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio. Mbao zitanunuliwa kidogo kidogo. Tena kila gunia litatiwa namba ya mwenyewe na siku lilipoingia, ili yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Wapo waliolipinga hili la namba, wakisema litatumiwa kuwaumbua watu. Twawaelewa. Ndiyo maana tumeiga sheria ya Mapinga: mwanachama atakayekuja mwenyewe kusema kwamba gunia lake halikukauka, au limelowa gari ilipokwama, atapewa jamvi na nafasi uani aanike tena, wala jina lake halitasomwa mkutanoni. Kwa mwenye mashaka, kipimo cha wazee bado kinafaa: karafuu iliyokauka ukiivunja hukatika kwa sauti, ikijikunja bado.

Kuhusu magunia yale yanayonuka, yasitiwe karafuu tena, hata yakiwa yamefuliwa na kuanikwa; harufu hupungua lakini haiishi. Mwenye nayo ayarudishe ghalani, atapewa mapya kwa idadi ile ile bila ya malipo. Mapya yamekwisha kufika. Safari hii tulifungua marobota, na katika moja tulikuta magunia manne yameliwa na panya. Mchukuzi ameyaandika mwenyewe na ameyalipa. Karatasi hiyo, pamoja na ile ya msimu uliopita yenye saini yetu, zimo katika jalada mezani kwa karani. Ofisi hufunguliwa kila siku isipokuwa Ijumaa adhuhuri, na anayetaka kuzisoma aje azisome.

Katibu